Maswali yenu: Hii inflamesheni isiyoisha inatoka wapi?

Mwezi huu nimepokea meseji nyingi mno za kitu kimoja, inflamesheni, wengine mnaandika mchochota, wengine mnasema tu "nimeambiwa navimba kwa ndani". Nadhani ni kwa sababu ya hawa wauzaji wa virutubisho wanaopita na vipeperushi stendi na sokoni, kila ugonjwa wanauweka kwenye kapu hilo moja. Nimechagua maswali sita, mengine yanafanana nayo kwahiyo usione umeachwa.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Uyole. Nilienda kupima mwili mzima kwenye maabara moja ya mtaani, wakasema CRP yangu ni 6 kwahiyo nina inflamesheni sugu, wakaniuzia chupa mbili za vidonge vya mimea. Sina maumivu popote ila siku ile nilikua na mafua. Nimesoma kwenye simu kwamba inflamesheni ndo chanzo cha magonjwa yote, moyo, kisukari, kansa. Tangu hapo silali. Je nitapata kansa?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza lala.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopata taarifa kwamba kuna shambulio mahali. Iligunduliwa mwaka 1930 na watafiti wawili huko New York, Tillett na Francis, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Sasa hiyo protini haichagui, inapanda ukiwa na mafua, inapanda jino likioza, inapanda ukiwa na malaria au kidonda mguuni, na chanzo kikiondoka inashuka haraka ndani ya siku chache. We ulienda na mafua yako, ikasoma 6, mtu akakuambia ni sugu. Kwa kipimo kimoja hakuna anayeweza kujua kama ni sugu! Subiri wiki mbili tatu ukiwa mzima kabisa, rudia, na kama lengo ni kujua hatari ya moyo basi omba kile kipimo chenyewe cha CRP ya kiwango cha chini, maana kile cha kawaida hakioni vizuri huko chini. Hapo tunasoma hivi, chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, 1 mpaka 3 ni ya kati, juu ya 3 ni kubwa, na ikizidi 10 tunaachana na habari za moyo kwanza tunatafuta maambukizi.

Sasa nikueleze jambo lenyewe maana umeuliza la msingi. Ukijikata na jembe shambani pale panakua pekundu, panapata moto, panavimba, panauma, hizo dalili nne Mrumi mmoja anaitwa Celsus aliziandika karibu miaka 2000 iliyopita na hazijabadilika. Hiyo ni inflamesheni na ni rafiki yako, bila hiyo kidonda kisingepona. Shida ni ile isiyoisha. Chukulia msitu wa Sao Hill pale Mufindi ukishika moto, watu wanatoka na mapanga wanakata miti wanafungua njia ya kuzuia moto, wanaharibu miti kadhaa lakini msitu unapona na kesho yake wanarudi nyumbani. Ila kama moshi unaendelea kutoka mahali usipopaona, wale watu hawarudi, wanaendelea kukata mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, mwisho msitu umekwisha na sio moto ulioumaliza.

Ndo kinachotokea kwenye mshipa wa moyo. Kolesto inaingia kwenye ukuta wa mshipa, chembe nyeupe za damu zinaifuata kuila, zinajaa mafuta, zinafia humo humo, zinaita nyingine, miaka inapita panatengenezeka uvimbe wenye utando mwembamba juu, siku utando ukipasuka damu inaganda pale na mtu anapata shambulio la moyo. Muda mrefu watu walibishana kama inflamesheni ni sababu au ni dalili tu, mpaka 2017 yakatoka majibu ya utafiti unaoitwa CANTOS, zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo na CRP zao ziko juu, baadhi wakapewa dawa inayozima kijumbe kimoja tu cha inflamesheni, yani kemikali moja inayobeba taarifa ya kuita kinga, haigusi kolesto kabisa. Kwenye dozi ya kati mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikapungua kwa asilimia 15. Lakini sikiliza na upande wa pili, waliopewa dawa walikufa zaidi kwa maambukizi, maana kinga ukiizima unaizima kwa yote, na vifo kwa ujumla havikupungua. Kwahiyo mtu akikuambia ana kidonge cha kumaliza inflamesheni mwilini mwako, muulize unataka kuimaliza ya wapi.

Kansa je? Daktari mmoja Mjerumani, Rudolf Virchow, alihisi tangu 1863 kwamba kansa inapenda kuota mahali penye uchokozi wa muda mrefu, na ni kweli kwa sehemu. Chembe zinazokarabatiwa kila siku zinagawanyika mara nyingi, na zinagawanyika katikati ya kemikali zinazoharibu vinasaba. Ila mara nyingi mama hiyo ni ya kiungo fulani chenye sababu fulani. Ini lenye homa ya ini B miaka na miaka. Tumbo lenye bakteria wa vidonda. Kibofu cha mtu mwenye kichocho ambacho hakikutibiwa, na hii nawaambia hasa ndugu zetu wa Kyela na mwambao wa ziwa Nyasa, dawa ya kichocho ipo. CRP ya 6 na mafua haiingii kwenye orodha hiyo.

Kama unataka kutumia hela kwa ajili ya miaka 20 ijayo, pima presha, sukari, kolesto, homa ya ini B, saratani ya mlango wa kizazi, na kamwone daktari wa meno. Zile chupa mbili ziache tu hapo kabatini.

SWALI: Mambo dokta, mi ni mwanachuo hapa Mbeya, geto letu kila asubuhi tunakunywa maji moto yenye manjano, tangawizi na limao kutoa inflamesheni na sumu. Inasaidia kweli?

JIBU: Poa. Asubuhi ya mwezi wa saba Mbeya maji ya moto yanasaidia chochote hahaha. Manjano ina kitu kinaitwa kurkumini, maabara kinaonekana kutuliza vijumbe vya inflamesheni vizuri tu, tatizo ukikimeza kinaingia kidogo sana kwenye damu. Kwenye chakula endelea, haina shida. Vile vidonge vya manjano vya nguvu ndo siwashauri, kuna watu wameumia ini, na anayetumia dawa ya kuyeyusha damu asiguse bila kuuliza.

Alafu ngoja nikuulize, baada ya hayo maji mnakula nini? Maana najua, andazi mbili na soda, mchana chips kavu, usiku chips mayai. Bakteria wa utumboni wanakula nyuzinyuzi, wakila wanatoa asidi zinazotuliza kinga kuanzia kwenye utumbo wenyewe, na hizo nyuzinyuzi ziko kwenye maharage, mboga za majani, ugali wa dona, kande. Mko Mbeya, maharage na parachichi za Rungwe mnapishana nazo barabarani, usipa wa Kyela upo sokoni na una yale mafuta mazuri ya samaki. Hapo ndo penye kazi, manjano ni rangi ya mchuzi.

SWALI: Kamwene dokta. Naendesha boda Makambako, mwaka wa sita sasa. Mgongo na magoti vinauma hasa baridi ya alfajiri, nimezoea diklofenaki moja asubuhi moja jioni, ikizidi nachoma sindano duka la dawa, inaenda miaka miwili. Mwaka jana nikaambiwa nina presha. Jamaa yangu anasema hizo dawa zinaua figo, ila mimi najiuliza si zinaondoa inflamesheni na inflamesheni ndo mbaya?

JIBU: Kamwene kaka. Hili swali ni zuri kuliko unavyofikiri, wasomi wengi limewapita.

Diklofenaki, aspirini, ibuprofeni, zote zinafanya kazi kwa njia moja, zinazuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Aliyeonyesha hivyo ni Mwingereza John Vane mwaka 1971, akapewa Nobeli 1982. Sasa hizo prostaglandini ndo zinaleta maumivu na uvimbe gotini, sawa, lakini ni hizo hizo zinazolinda utando wa tumbo usiliwe na asidi na ni hizo hizo zinazofungua mishipa ya figo damu ipite. Ukizizuia kwa siku tatu tano, mwili unavumilia. Ukizizuia asubuhi na jioni miaka miwili, tumbo linapata vidonda, figo zinakosa damu, mwili unashika chumvi na maji, presha inapanda, na diklofenaki yenyewe inaongeza hatari ya shambulio la moyo. Yani inawezekana kabisa presha yako ya mwaka jana hiyo dawa ina mkono wake. Na kama uliandikiwa dawa za presha, kuna aina zikichanganywa na diklofenaki figo zinapigwa mara mbili, mwambie daktari wako leo sio kesho.

Alafu haiondoi chanzo. Pikipiki inakurusha kwenye rasta na mashimo masaa kumi na mbili, umeinama, baridi ya Makambako inakupiga magotini, hapo dawa inazima taarifa tu ila kilicholeta taarifa kiko pale pale.

Fanya hivi. Acha diklofenaki ya kila siku. Nenda kituo cha afya wapime kreatinini kwenye damu, hiyo inaonyesha figo zinavyofanya kazi, na protini kwenye mkojo, presha ipimwe zaidi ya mara moja. Maumivu yakizidi, paracetamoli kwa kipimo chake, haizidi gramu 4 kwa siku na kwa mnywaji iwe chini ya hapo. Shuka kwenye pikipiki kila baada ya saa moja hivi ujinyooshe, vaa koti zito na kinga magoti, imarisha misuli ya mgongo na mapaja maana ndo inayobeba uzito badala ya kiungio.

Ila kuna maumivu ya viungo ambayo ni inflamesheni kweli kweli na hayo hayatakiwi kuvumiliwa. Ukiamka umekakamaa zaidi ya nusu saa, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi ya kinga, inawapata zaidi wanawake, na isipotibiwa inakula viungio na inaongeza magonjwa ya moyo. Kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla usiku, shuka tu ikigusa unapiga kelele, hiyo ni gauti, na pombe inaichochea sana, najua msimu wa ulanzi hamnielewi. Na kijana ambaye mgongo unamuuma akilala ila akitembea unapungua, miezi mitatu na zaidi, asiambiwe ni kubeba mizigo, apimwe. Hawa wote wana dawa zao maalum za kutuliza kinga na zinafanya kazi.

Hizo sindano za duka la dawa uliza ni nini kilichomo, nyingine ni steroidi. Zinatuliza maajabu, ndo maana mtu anarudi, lakini ukizitumia mfululizo sukari inapanda, mifupa inadhoofika, kinga inashuka. Na kama mtu ameshazitumia wiki nyingi asiziache ghafla, apunguziwe taratibu na daktari, kuacha ghafla kunaweza kumuua.

SWALI: Shikamoo dokta, huku Makete baridi ya mwezi wa sita unaijua mwenyewe, jiko la mkaa tunaingiza chumbani tunalala nalo. Mama mkwe ana miaka 61 hajawahi kuvuta sigara hata siku moja, anakohoa kila asubuhi na akipanda kilima kidogo tu pumzi inakata. Watu wanasema ni baridi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Jiko litoke chumbani usiku wa leo, hili halina mjadala. Mkaa ukiwaka mahali pamefungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, inakamata damu isibebe oksijeni, na familia nzima inaweza isiamke. Ota moto sebuleni mlango uko wazi, kabla ya kulala jiko linatolewa nje, mkafunikane mablanketi.

Sasa mama. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili kitu cha kwanza ni makohozi yapimwe TB, ni bure kwenye vituo vya serikali, anzieni hapo hata kama mna uhakika ni kitu kingine. Ikiwa sio TB, mimi kwa maelezo haya nawaza moshi. Miaka zaidi ya arobaini amekaa mbele ya mafiga kwenye jiko lisilo na dirisha, yule bibi hajavuta sigara lakini mapafu yake hayajui tofauti. Kwenye moshi wa kuni kuna chembechembe ndogo sana, chini ya mikromita 2.5, zinapita pua zinapita koo zinafika kwenye vifuko vya hewa chini kabisa, chembe za kinga zinazivamia, hazimalizi maana kesho asubuhi uji unapikwa tena. Njia za hewa zinakua nene, zinajaa makohozi, vifuko vinachanika na vikichanika havirudi. Na haiishii kwenye mapafu, vijumbe vya inflamesheni vinamwagika kwenye damu, ndo maana wanaokaa kwenye moshi wanapata zaidi kiharusi na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020 duniani, na wanaobeba zaidi ni kina mama na watoto wadogo wanaofungwa mgongoni.

Baridi inamfanya akohoe zaidi, hapo watu hawajakosea, ila baridi haijamharibu mapafu.

Kuna dawa za kuvuta mdomoni zinazofungua njia za hewa, apelekwe hospitali ya wilaya wamsikilize kifua, wampime na moyo pia maana kukosa pumzi kunaweza kutoka huko. Nyumbani moshi upungue kwa njia yoyote mnayoweza. Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034, vizuri, lakini mama mkwe hawezi kusubiri 2034. Mtungi ukiwa ghali tumieni gesi kwa chai na mboga, maharage yalowekwe usiku ili yaive haraka, kuni ziwe kavu kabisa, ukuta wa jiko utobolewe dirisha juu na bomba la moshi likiwezekana. Na jamani apumzishwe jikoni. Nyumba yenye vijana watatu wenye mikono kwa nini bibi anayekata pumzi ndo anapuliza moto?

SWALI: Dokta usiandike jina wala mtaa, mimi niko mkoa wa Njombe. Natumia ARV mwaka wa nane, kipimo cha mwisho virusi havionekani. Nimesoma kwamba hata virusi vikifubaa mwili unabaki na inflamesheni na moyo unazeeka mapema. Kwenye kikundi chetu mtu kasema dawa zenyewe ndo zinaleta, tuzipumzishe hata miezi miwili. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Pole ndugu yangu, na hongera kwa miaka nane, sio kazi ndogo. Usipumzishe dawa. Ulichosoma ni kweli nusu, alichosema mwenzako sio kweli, na nitakueleza kwa nini kwa sababu mkoa wenu utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 umekuta watu wazima karibu asilimia 12.7 wanaishi na VVU wakati taifa zima ni 4.4, kwahiyo nikikujibu wewe najibu nyumba nyingi.

VVU vinapoingia mwilini siku za mwanzo kabisa vinavamia chembe za kinga kwenye ukuta wa utumbo. Ule ukuta unabaki dhaifu, vipande vya bakteria wa utumboni vinapenya kwenye damu kidogo kidogo, na kinga inabaki macho muda wote. ARV zinashusha hali hiyo sana ila mara nyingi haziifikishi sifuri, hasa kwa aliyechelewa kuanza dawa. Ndo maana mwenye VVU hata akiwa vizuri hatari yake ya shambulio la moyo ni kubwa kuliko jirani yake wa umri ule ule.

Wazo la kupumzisha dawa lilishajaribiwa, tena kwa watu wengi. Utafiti wa SMART, majibu yalitoka 2006, watu zaidi ya 5,400, wengine wanaendelea na dawa wengine wanaziacha kinga ikiwa juu na kuzirudia ikishuka. Walioacha walipata magonjwa nyemelezi au kufa zaidi ya mara mbili, na matatizo ya moyo yaliongezeka kwao, hayakupungua. Virusi vikiamka inflamesheni inapanda, basi. Mtumie huyo wa kikundini hiki kipande asome.

Habari njema ni ya 2023, utafiti unaitwa REPRIEVE, watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 mpaka 75 kwenye nchi 12, wamo Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Nusu yao walipewa dawa ya jamii ya statini, zile za kolesto, ingawa wengi kolesto yao haikua juu. Matukio makubwa ya moyo yakapungua kwa asilimia 35. Kwahiyo kama umefika 40, siku ya kliniki CTC muulize daktari, "na moyo wangu tunaulindaje?" Inaweza kuwa statini, inaweza kuwa presha tu ishushwe. Sigara iache, ukivuta na una VVU unajichomea mara mbili. Na homa ya ini B uwe umepima, hiyo nayo inachokonoa ini kimya kimya.

SWALI: Habari dokta, nina miaka 52, nafanya biashara ya mbao Mafinga. Mke wangu anasema kitambi changu ni ugonjwa, washkaji wanasema ni hela. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilisoma 6.4. Na tumbo linawaka moto miaka mingi, nakunywa omeprazo kila nikizidiwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mkeo.

Kitambi zamani tulidhani ni stoo tu ya mafuta, mpaka 1993 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba mafuta ya panya wanene yenyewe yanatoa kijumbe cha inflamesheni, na kijumbe hicho kinazuia insulini, homoni inayoshusha sukari, kufanya kazi. Baadae ikaonekana mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, yakizidi chembe nyeupe zinahamia humo na kukaa. Kwahiyo kaka hapo mbele umebeba kiungo kinachotoa sumu taratibu usiku na mchana, hakikuumi popote, ini linajaa mafuta, presha inapanda, sukari inapanda. Hiyo 6.4 yako bado sio kisukari, kisukari ni kuanzia 7.0, ila umeshatoka kwenye usalama, kuanzia 6.1 tunaita mlangoni. Chukua uzi jipime kiunoni usawa wa kitovu, ukizidi nusu ya urefu wako hapo washkaji wamekudanganya.

Mlangoni unaweza kugeuka. Mwaka 2002 Marekani walichukua watu zaidi ya 3,000 wa hali yako, waliopunguza uzito asilimia 7 hivi na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza kupata kisukari kwa asilimia 58, waliopewa metformini, dawa ya kisukari, asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 95 hiyo ni kilo 6 na kitu. Anza na vitu viwili, bia na nyama choma za jioni ziwe za Jumamosi, na yadi ya mbao izungukwe kwa miguu, sio kukaa kwenye gari unaita vijana kwa honi. Misuli ikifanya kazi yenyewe inatoa kemikali za kutuliza inflamesheni na inavuta sukari bila kusubiri insulini. Usingizi pia, kama unasindikiza malori Dar usiku mara mbili kwa wiki mwili unasoma hiyo ni vita. Fizi zikitoa damu ukipiga mswaki usipuuze, fizi zenye ugonjwa zinapandisha sukari na sukari inaharibu fizi.

Hilo tumbo linalowaka sasa. Vidonda vya tumbo watu walisema ni mawazo na pilipili mpaka Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakaonyesha bakteria anayeitwa Helikobakta pailori. Wenzao hawakuwaamini, Marshall akanywa bakteria mwenyewe 1984, akapata mchochota wa tumbo kweli, na 2005 wakapewa Nobeli. Huyo bakteria yuko kwa karibu nusu ya watu duniani, wengi hawaumwi, lakini kwa baadhi anachokoza ukuta wa tumbo miaka thelathini arobaini mpaka kansa, toka 1994 yupo rasmi kwenye orodha ya visababishi vya kansa. Omeprazo inapunguza asidi, yeye haimuui.

Pima, na upime vizuri. Kipimo cha choo ni bora kuliko cha damu, maana cha damu kinaweza kusema unaye wakati ulishatibiwa zamani. Omeprazo uiache wiki mbili kabla, antibiotiki wiki nne kabla, la sivyo kipimo kitakudanganya. Akionekana ni mchanganyiko wa dawa siku 14, unamaliza zote hata kama tumbo limetulia siku ya tano, na wiki nne baada ya kumaliza unarudia kipimo cha choo kuhakikisha ameondoka, hapa ndo wengi mnapopotelea. Na kwa umri wako ukiona choo cheusi kinachonata, unapungua mwili bila kujitahidi, au chakula kinakwama ukimeza, achana na hayo yote nenda hospitali ya rufaa uombe kipimo cha kamera ya tumbo.